Chumvi ya Mama wa Mkahawa

Ukiingia kwake ukajichagulia mwenyewe pa kukaa, alikuinua. Hakujali wewe ni nani. Nimemwona akimwinua bwana mmoja wa wizara, mwenye suti na dereva anayemsubiri nje, akamsogeza hadi mwisho wa benchi ubavuni mwa fundi viatu, kwa sababu, alisema, mtu mnene akikaa katikati wengine hawafikii maji. Bwana yule alicheka, akasogea, akala. Kesho yake alirudi na kwenda moja kwa moja mwisho wa benchi.

Tulimwita Mama wa mkahawa, na mbele yake Mama tu. Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Waislamu wa Bwiza, mtaa huu wa Bujumbura, wapo tangu zamani, na mtu akishapika mahali miaka mingi kiasi kile, hakuna anayemuuliza alitokea wapi. Ninachokijua ni kile chumba: meza moja ndefu ya mbao, benchi mbili, na nyuma yake jiko lenye dirisha dogo la kupitishia sahani. Hapakuwa na bango mlangoni wala karatasi ya vyakula. Ukitaka kujua leo kuna nini, ulinusa.

Mimi nilifika pale nikiwa mwalimu mpya, msichana kutoka milimani, Kiswahili changu ni cha kuombea maji tu. Siku zile mwanamke kula mkahawani peke yake lilikuwa jambo la kutazamwa. Nilisimama mlangoni nikitaka kurudi nilikotoka. Sauti ikatoka dirishani kabla sijamwona mwenyewe.

"We mutoto, njo apa. Kaa karibu na dirisha. Wale wanaume wakikusumbua, mi nitasikia."

Nikakaa karibu na dirisha, na nafasi ile ikawa yangu mpaka leo. Kiswahili nilijifunzia hapo, kwa kumsikiliza akigombana na wauza mkaa. Baadaye nilisoma vitabu, nikaanza kupanga maneno vizuri, naye akanicheka mbele ya watu. "Mwalimu anaongea kama redio," alisema. "Mwalimu, omba ugali kama mutu, tukupe." Lakini wageni walipokuja kutoka Dar es Salaam na kuongea haraka haraka, alinisukuma mimi mbele nizungumze nao, na alisimama nyuma yangu ameshika kiuno, akiringa.

Mimi si mtu wa kusifia chakula ovyo. Nimekula harusi nyingi za Bujumbura na nyingi nimezisahau kabla sijafika nyumbani. Lakini sombe yake, haya majani ya muhogo ambayo jirani zetu Watanzania huyaita kisamvu, sijaipata penginepo. Aliyatwanga kwenye kinu tangu alfajiri, akayachemsha taratibu na mawese, na ndagala, dagaa wa ziwani, akawatia mwishoni ili wasivunjike. Sokoni kuna mashine inayosaga majani hayo mara moja, na kila mtu alimshauri aitumie. Aliijaribu siku moja, akaonja, akaimwaga yote kwa mbuzi wa jirani. "Mashine inakata, kinu inaponda," alisema, na mjadala ukaisha.

Alikuwa na vituko vyake, na vingine havikupatana. Alisali kwa wakati, hakukosa, lakini muuza mkaa akimletea gunia lenye vumbi nusu alimtolea matusi ambayo siwezi kuyaandika, akamalizia na astaghfirullah, akaendelea na matusi. Pombe haikuvuka mlango wake. Lakini mlevi aliruhusiwa, akakalishwa penye hewa na kupewa mchuzi wa moto na ndimu mpaka macho yafunguke. Wagonjwa hakuwatembelea kamwe. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, bakuli la supu lilifika kila asubuhi hadi nilipoanza kutoka nje, ila yeye mwenyewe hakutia mguu. Nilipomuuliza alinishangaa.

"Nije nifanye nini? Mutoto nitamuona akikuja kula."

Na kweli, alimwona akija kula. Alimlisha ndizi na maharagwe kwa mkono wake, na hadi leo binti yangu akisikia harufu ya mawese anataja jina la mtaa ule.

Mume wangu alipofariki ndipo Mama alipokuja kwangu mara moja tu katika umri wetu wote. Hakunipa pole. Aliingia jikoni, akafunga kanga kiunoni, akasukuma shangazi zangu pembeni na kulisha matanga yote hadi mwisho, na kila niliponyanyua kikombe nikioshe alininyang'anya. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa maneno yote niliyoambiwa siku zile. Nilikuwa siwezi kufikiri, na kulikuwa na mtu aliyejua kwamba watu lazima wale.

Kuna jambo jingine la meza ile ambalo lazima niliseme. Katika miaka mibaya ya vita, mji ulipogawanyika mtaa kwa mtaa na watu wakaogopana hadi kusalimiana, meza ya Mama ilibaki moja. Hakuhubiri. Alichofanya ni kuondoa vibakuli vyote vya pilipili na kuacha kimoja katikati. Watu wa huku aliwakalisha huku, wa kule akawakalisha kule, uso kwa uso, kibakuli kati yao. Mtu wa Bujumbura hali sombe bila pilipili. Dakika kadhaa zilipita wote wakila kimya, hadi mmoja akashindwa akasema, "Nipitishie pilipili." Mama alikuwa dirishani, amejifanya anapanga sahani. Vibakuli vile vingine hakuvirudisha tena, hata amani ilipokuja. "Pilipili iko moja," aliwaambia wageni waliolalamika. "Mutu anaitaka, aombe mwenzake."

Sasa nifike kwenye Ramadhani, kwa sababu bila hiyo huwezi kumwelewa.

Mwezi ule alitundika pazia zito mlangoni ili wanaofunga wasione wanaokula, na nyuma ya pazia akaendelea kuwapikia Wakristo mchana. Jioni alipika futari ya nusu ya mtaa. Yeye alikuwa amefunga, na msaidizi wake wa jikoni amefunga pia, kwa hiyo hakuna wa kuonja. Shehe wa mtaa alimweleza mara nyingi kwamba mpishi anaruhusiwa kugusisha ncha ya ulimi na kutema. Hakutaka.

"Shehe anajua dini," alisema. "Mi najua ulimi yangu. Ikionja, itameza."

Basi Ramadhani yangu ya kwanza pale, nikiwa nimekaa karibu na dirisha, mwiko ulitokeza ukasimama mbele ya pua yangu.

"Onja. Sema."

Nikaonja. Nikasema ni nzuri sana.

"Mi sijakuuliza kama ni nzuri. Nimekuuliza chumvi."

Nikasema labda bado kidogo. Akatia kidogo, mwiko ukarudi, nikasema sasa inatosha. Kuanzia hapo nikawa mwonjaji wake wa Ramadhani. Fundi viatu, Mkatoliki anayekaa mwisho wa benchi tangu nimfahamu, aliwahi kujitolea kunisaidia, akakataliwa kwa maelezo kwamba ulimi wake umeshachomwa na bia. Kazi ile niliifanya kila mwaka, nilipokuwa mjamzito, nilipokuwa mjane, na hata baada ya kustaafu na kuhamia Kamenge kwa binti yangu. Nilijiona mtu mkubwa. Waislamu wa Bwiza walifuturu kwa chumvi niliyoipima mimi, mwimbaji wa kwaya.

Kuhusu chumvi alikuwa mkali. Sahani ikivunjika, wali ukishika chini, mgeni akichelewa kuhudumiwa, yote hayo yalisameheka. Chumvi hapana. Aliwahi kuniambia, miaka mingi iliyopita, huku akitikisa mwiko, "Siku ulimi yangu itakataa, nafunga ile mlango. Mupishi asiyejua chumvi anapoteza mukaa ya watu."

Mkahawa ulianza kupungua kidogo kidogo. Mabwana wa wizara walipata pa kula karibu na ofisi zao. Vijana walihamia kwenye chipsi na mishikaki, penye televisheni kubwa na muziki wa kupasua masikio. Kisha mafuta ya magari yakaadimika, mabasi yakawa ya kusubiri nusu ya siku, na nani atoke mitaa ya mbali kama Carama au Kamenge kwa miguu kuja kula mchana Bwiza? Mimi mwenyewe nilikuwa sifiki tena isipokuwa mwezi wa Ramadhani, kwa ajili ya kazi yangu. Nilisikia tu kwamba benchi zinabaki tupu. Lakini kila Ramadhani nilipofika nilikuta watu, si kama zamani ila watu wa kutosha, wanakula na kuomba kuongezewa. Nikafikiri wanaosema mkahawa unakufa wanatia chumvi, kama tusemavyo.

Mwanawe mkubwa anauza vipuri vya magari mjini. Si mtu mbaya, nimemfundisha darasa la tatu. Alitaka mama yake apumzike, na chumba akipangishe kwa muuza magodoro aliyekuwa akimfuata fuata. Mama alimjibu kwamba watu watarudi mabasi yakirudi.

Baada ya Idd ya mwaka jana nilikuwa na shughuli mjini, nikapita kula. Ilikuwa siku ya kawaida, pazia limeshaondolewa. Mezani palikuwa na fundi viatu na kijana mmoja nisiyemfahamu. Nikapewa sombe. Tonge la kwanza nilidhani nimekosea, la pili likanichoma koo. Ilikuwa chumvi tupu. Nikamtazama fundi viatu: anakula, anakunywa maji, anakula, anakunywa maji. Kijana alishaweka tonge chini, akaondoka bila kuaga.

"Tamu, Mama," fundi viatu akasema kuelekea dirishani.

"Tangu lini?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Chumvi."

Akatazama sahani yake. "Mwalimu, we mwenyewe unajua. Ramadhani iko na baraka yake. Mwezi ikiisha, baraka inaenda."

"Wewe ni Mkatoliki."

"Baraka haiulizi."

Nilikaa pale na sahani yangu, na taratibu nikaelewa kwamba haikuwa baraka hata kidogo. Ramadhani chakula kilikuwa kizuri kwa sababu ulimi ulikuwa wangu. Miezi iliyobaki aliyeonja ni Mama mwenyewe, na ulimi wake ulikuwa umezeeka. Alikuwa akiongeza na kuongeza, akitafuta ladha asiyoisikia tena.

"Kwa nini hamkumwambia?"

"Bibi yangu aliponikimbia, ule mama alinilisha," fundi viatu akasema. "Kila siku, na hajaniuliza kitu. Mi nimuambie nini?"

Msaidizi wa jikoni naye, nilijua, alilelewa na Mama na asingethubutu. Hata wale walioacha kuja waliondoka kwa adabu, wakisingizia mabasi. Sote tulikuwa na deni la wema wake, na shukrani yetu ndiyo iliyokuwa ikimfungia mkahawa. Tukinyamaza, muuza magodoro angeingia. Tukisema, Mama mwenyewe alishaapa kufunga mlango. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani, nikainuka nikaingia jikoni.

"Mama, chumvi imezidi."

"Leo?"

"Leo. Na si leo tu."

Alichukua mwiko akaonja. Alitafuna polepole, macho ameyafumba kama anavyofanya siku zote.

"Mi naona bado," akasema. Kisha akafumbua macho, akaniona uso wangu.

Alifunika sufuria. Alikaa kwenye kigoda na kwa muda alikuwa akipangusa mwiko uliokuwa safi.

"Nani mwingine anajua?"

"Wote, Mama."

"Na wanakula?"

"Wanakula na maji mengi."

"Wajinga," akasema, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha nguvu. "Enda nyumbani, mwalimu."

Nilirudi Kamenge kwa miguu nikijua nimemfungia mlango kwa mkono wangu. Siku zikapita bila habari. Jumapili nilipotoka kanisani simu ikalia. Mama huichukia simu, na akilazimika huzungumza kana kwamba uko ng'ambo ya ziwa.

"Mwalimu! Kesho nimefunga. Jumatatu, ni sunna. Uje mapema unionjee."

Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akifunga nje ya Ramadhani. Daktari alikuwa amemkataza kwa sababu ya presha. "Nitakuja, Mama," nikasema, na nilipokata simu nilicheka peke yangu barabarani, machozi yakinitoka.

Basi ikawa hivyo. Jumatatu na Alhamisi alifunga, kweli kweli, hata maji hakugusa. Mwiko ulitokeza dirishani, nami nikasema bado, bado, inatosha. Hakuna kati yetu aliyetaja mazungumzo ya siku ile. Mabasi yalipokosekana nilitoka nyumbani kabla ya jua kuwa kali, nikatembea. Watu wa Bwiza wana pua, na haikuchukua muda wakajua ni siku zipi za kwenda. Jumatatu na Alhamisi benchi zilijaa, kibakuli cha pilipili kikizunguka. Siku nyingine alipika mwenyewe, akaonja mwenyewe, na fundi viatu akanywa maji.

Mwanawe alinisimamisha nje siku moja. "Mwalimu, mama ana presha, na amekuwa mucha Mungu ya ajabu. Ni we unamutia ile mambo?"

"Mimi naimba kwaya," nikamjibu.

"Ataanguka, mwalimu. Siku mbili kwa wiki haziwezi kuweka mukahawa. Mi nampenda mama yangu."

Nilijua anampenda, na nilijua anachosema ni kweli. Mikono ya Mama ilikuwa imeanza kutetemeka alasiri za Alhamisi. Nilipomwambia apunguze, alinijibu kwa ukali, "Kwani we ndo umenifungisha?" Nilianza kuogopa kwamba heshima ya ulimi wake itamuua.

Mara ya mwisho nilipofika ilikuwa Jumanne. Hakuniita, nilikuwa narudisha bakuli lake alilonifungia sombe Alhamisi. Nilipoingia nilimkuta mwanawe na muuza magodoro wakipima ukuta kwa kamba. Meza ilikuwa imesogezwa pembeni, na mezani hapakuwa na mtu. Walinisalimu kwa aibu. Mwanawe akaniambia wamekubaliana, amemwambia mama asubuhi, na mama ameendelea kupika tu.

Uso wa Mama ukatokea dirishani.

"Mwalimu. Njo uonje."

Nikasogea karibu, nikapunguza sauti ili mwanawe asisikie. "Leo ni Jumanne, Mama."

"Siku nazijua."

Mkononi alikuwa na kikombe cha chai ya maziwa, kimefika nusu. Alikiinua, akanywa mbele yangu na mbele ya mwanawe, bila haraka, hadi mwisho. Akakiweka chini. Akachota mwiko, akautokeza dirishani.

"Ulimi yangu imekufa," akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "We sema chumvi."

Mwanawe alikuwa ameshika ncha moja ya kamba. Akaiachia, akaja akasimama nyuma yangu, akitazama mwiko na kumtazama mama yake.

Nikaonja. Nikasema bado kidogo, na Mama akaenda kuchukua chumvi.